Korongo wa Picha na Korongo wa Kinamasi



Huenda baadhi yetu wamekwisha kuona picha ya Kijapani, katika kalenda ya ukutani, au juu ya sinia, au katika kitabu. Ndege mrefu mweupe amesimama majini kwa mguu mmoja. Kando yake pana matete machache, yameinamishwa na upepo. Juu yake hapana kitu, ila karatasi tupu tu. Mtu aitazamaye kwa haraka husema: Mbona mchoraji huyu hakuimaliza kazi yake? Lakini akikaa nayo kitambo, ataona ya kwamba pale palipo patupu pamekuwa maji, tena ukungu, tena asubuhi. Na yule ndege anamngoja samaki wake kwa saburi kama mtu aliye katika maombi.

Mwezi huu tumeona vema kuandika habari za picha hizi, na za ndege walio ndani yake. Hatuandiki kwa ajili ya kuyafurahisha macho tu. Ndani ya habari hizi mna swali gumu, nalo latupata sisi Wakristo kama lilivyowapata Wajapani. Swali ndilo hili: Je, mtu aweza kuipenda sana sura ya kiumbe, na kuiweka mahali pa heshima nyumbani mwake, na huku kiumbe chenyewe akakiacha kipotee? Na kama aweza, je, upendo ule ulikuwa upendo kweli?

Kwanza yatupasa kuieleza sanaa yenyewe. Wajapani huziita picha za namna hii picha za maua na ndege. Walijifunza kwa Wachina tangu zamani, kisha wakazifanya kuwa zao. Ndege hachorwi peke yake, bali hupewa mmea wake. Yangeyange hupewa mwerebi au matete. Bata bukini hupewa matete yaliyokauka. Korongo hupewa msonobari. Na ule mmea si pambo tu, maana huonyesha majira. Maua ya mti wa plamu yakionekana, watazamaji hujua ya kwamba baridi yakaribia kwisha. Maua ya zambarau yaotayo penye maji yakionekana, hujua ya kwamba mvua za mwanzo wa kiangazi zi karibu. Hivyo picha moja yawaambia mahali, na mwezi, na hali ya hewa, bila kuandikwa neno hata moja.

Katika ndege wote wa majini, aliyeheshimiwa kuliko wengine ni korongo aitwaye na Wajapani tsuru. Ni mweupe, shingo yake ni nyeusi, na utosini ana alama nyekundu. Akisimama hufikia kimo cha mita moja na nusu hivi. Watu wa kale walisema kwamba huishi miaka elfu. Na kwa sababu msonobari haupukutishi majani yake wakati wa baridi, waliwaweka pamoja, korongo na msonobari, kuwa alama ya maisha marefu. Kwa hiyo korongo huonekana katika mavazi ya bibi arusi, na katika vitu vya sikukuu ya mwaka mpya. Tena mtu akiugua, rafiki zake humkunjia korongo wa karatasi 1,000, wakawafunga kwa nyuzi, wakampelekea ili kumtakia afya.

Mwanzoni mwa karne ya 17, mchoraji Tawaraya Sotatsu alichora kundi la korongo kwa dhahabu na fedha juu ya gombo la karatasi lenye urefu wa zaidi ya mita 13. Juu ya picha hiyo Hon'ami Koetsu aliandika mashairi kwa wino. Ukilifungua gombo lile, unawaona korongo wamesimama ufuoni, kisha wanaruka, wanapita juu ya maji, wanatua tena. Baada yake alikuwako Ogata Korin, aliyekufa mwaka 1716. Yeye alichora viwambo viwili vya kukunjika, vyenye maua ya zambarau ya majini juu ya dhahabu. Viwambo hivyo vimo katika jumba la makumbusho la Nezu, mjini Tokyo. Hakuchora maji humo, wala daraja, wala ndege. Lakini kila aonaye hujua ya kwamba akipiga hatua moja mbele, miguu yake italowa.

Tena hatuna budi kumtaja Ito Jakuchu, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1716 katika nyumba ya wauza mboga. Mtu huyu alipotaka kujifunza kuchora ndege, hakuridhika kuziiga picha za walimu wa zamani. Alifuga kuku uani mwake, akawa akiwatazama muda mrefu, jinsi wanavyotembea na kulala na kupigana, hata akawajua. Ndipo akaanza kuchora. Kisha akafanya magombo 30 ya viumbe vya kila namna, ndege na samaki na wadudu na maua, na miongoni mwao wamo korongo chini ya mti wa plamu uliochanua. Kazi ile ilimchukua miaka kama kumi, naye akayatoa magombo yake kwa hekalu la Shokokuji, yawe sadaka. Sisi hatuabudu pale alipoabudu yeye. Lakini twaweza kuona haya mbele ya saburi yake, kwa maana Bwana wetu mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani. Nasi, tulio wanafunzi, ni wangapi tuliokwisha kukaa hata nusu saa kumtazama ndege mmoja?

Labda ndugu mmoja atauliza: Je, si tumekatazwa kujifanyia sura ya vitu vilivyo mbinguni na duniani na majini? Swali hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg walianza kuziondoa sanamu makanisani kwa fujo. Ndipo Martin Luther aliporudi kutoka ngome ya Wartburg, akahubiri siku nane mfululizo. Aliwafundisha ya kwamba kosa haliko katika mti wala katika rangi, ila katika moyo utumainio mti na rangi. Mtu aweza kuivunja sanamu kwa mkono wake na kuendelea kuitumikia moyoni. Neno hilo tulishike, maana litatufaa hapa chini. Hatari ya picha si kuabudiwa tu. Iko hatari nyingine, iliyo ya siri zaidi: picha kushika mahali pa mwenye sura.

Na sasa tuje kwenye jambo ambalo Wajapani wenyewe wameliandika katika vitabu vyao.

Tumesema ya kwamba korongo na msonobari waliwekwa pamoja. Wachoraji wengi walimweka tsuru juu ya tawi la msonobari, amesimama kwa enzi. Picha ni nzuri, lakini jambo lenyewe haliko. Ndege huyu hatui juu ya miti. Kidole chake cha nyuma ni kifupi, nacho kimeinuka, hakiwezi kulishika tawi. Kiota chake hukijenga chini, kati ya matete ya kinamasi. Ajengaye juu ya msonobari ni ndege mwingine, mweupe, mwenye meusi katika mabawa yake na miguu myekundu, aitwaye konotori. Kwa mbali wafanana, na yaelekea watu waliwachanganya.

Utasema: Kosa dogo, tena la wachoraji, latuhusu nini? Hata sisi tungeliona kuwa dogo, kama si yale yaliyofuata. Lakini fikirini, ndugu. Watu walijua kumchora ndege huyu unyoya kwa unyoya. Walijua maana yake katika arusi na katika sikukuu. Lakini alala wapi? Neno hilo, kwa wengi, halikuwa na haja.

Mwaka 1857 Utagawa Hiroshige alipiga chapa, kwa vibao vya mti, picha ya korongo katika mashamba ya kandokando ya Edo, mji uitwao leo Tokyo. Wakati ule walikuwa bado wakija huko. Zamani za watawala walioitwa shogun, mtu wa kawaida alikatazwa kumwua korongo; shogun mwenyewe ndiye aliyewawinda kwa vipanga waliofundishwa. Katazo lile halikutokana na huruma, maana lilikuwa ulinzi wa mawindo ya mkubwa. Hata hivyo ndege alipata nafasi ya kuishi. Mwaka 1868 utawala ule uliondolewa. Makatazo ya kale yakapungua nguvu, bunduki zikaenea, vinamasi vikakaushwa kuwa mashamba. Kabla watu waliokuwa watoto siku zile hawajazeeka, tsuru alikuwa amekwisha kutoweka karibu nchi nzima. Wengi walidhani ya kwamba hayuko tena. Ndipo mwaka 1924 walipoonekana wachache, zaidi kidogo ya kumi, katika kinamasi kikubwa cha Kushiro, kisiwani Hokkaido.

Angalieni sasa jambo la ajabu. Katika miaka hiyohiyo picha hazikupungua. Mchoraji Ohara Koson, aliyekufa mwaka 1945, alitoa picha nyingi za yangeyange katika mvua na theluji, na za korongo, na za matete na maua ya majini. Zilinunuliwa sana Marekani na Ulaya. Hatumlaumu, kazi yake ni njema, na huenda aliwapenda ndege kuliko wengi. Twasema tu ya kwamba korongo wa karatasi walizidi kuongezeka, na korongo wa kinamasi walikuwa wakihesabika kwa vidole. Mwaka 1952 walihesabiwa huko Hokkaido, wakapatikana 33. Mwanamke mmoja aketiye na mgonjwa wake aliweza kukunja korongo wa karatasi 1,000; na nchi nzima ilikuwa na korongo 33 wenye uhai.

Wala si yeye peke yake. Kuna ndege aitwaye toki, wa jamii ya kwarara, ambaye manyoya ya mabawa yake yana wekundu mwepesi sana. Uzuri wake uliwapendeza watu hata wakaiita rangi ile kwa jina lake, na wauza nguo wakaijua. Mwaka 1981 walisalia porini watano tu, kisiwani Sado. Wakakamatwa wote, wawekwe pamoja ili wazae. Hawakuzaa. Wa mwisho wa uzao wa Kijapani, jike aliyeitwa Kin, alikufa mwaka 2003. Jina la rangi lingaliko hata leo.

Na yule konotori, mwenye msonobari? Wakulima walimfukuza, kwa kuwa aliukanyaga mpunga mchanga akitafuta vyura. Wakati wa vita misonobari mingi ilikatwa, naye akakosa mahali pa kujenga. Baada ya 1945 zikaja dawa za kuua wadudu, nyingine zenye zebaki. Samaki na vyura na konokono wakafa katika majaruba. Mwaka 1971, katika nchi ya Toyooka, alikufa konotori wa mwisho aliyeishi porini Japani. Msonobari wenye korongo ulikuwa ungali ukichorwa.

Basi tufanye nini na habari hii? Jambo la kwanza, tusiwahukumu wale watu. Waliolikausha bwawa walikuwa na watoto wenye kutaka wali. Waliotia dawa katika mpunga walikuwa wametoka katika vita na njaa. Anayejua njaa hawezi kumcheka mkulima amfukuzaye ndege shambani. Tena hakuna siku moja iliyopita ambayo mtu aweza kuinyoshea kidole na kusema: Siku hii Wajapani waliamua kumwangamiza korongo. Hakuna aliyeamua. Kila mmoja alifanya kazi yake, na jioni akarudi nyumbani penye picha ya korongo ukutani, akaitazama, moyo wake ukatulia.

Hapo ndipo twaona kiini cha swali letu. Picha ile iliutuliza moyo uliopaswa kusumbuka. Mtu alijiona kuwa ampenda korongo, kwa sababu kweli aliipenda sura yake; naye hakudanganya. Lakini ziko namna mbili za upendo. Upendo wa kwanza huuliza: Kiumbe hiki kina maana gani kwangu? Chanifariji namna gani? Chanikumbusha nini? Upendo wa pili huuliza: Anakula nini? Analala wapi? Ni nani anayemsumbua? Upendo wa kwanza waweza kukua sana bila mwenyewe kujua lolote juu ya huyo ampendaye. Waweza hata kumweka juu ya mti asioweza kuushika. Upendo wa pili hauwezi kufanya hivyo, maana ulikwisha kwenda kinamasini na kulowana.

Ndugu, tukifika hapa tuziache kidogo habari za ndege, tujitazame wenyewe. Twafundisha watoto katika mafundisho ya kipaimara ya kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ni neno kubwa, nasi twalipenda. Lakini mwisho wa kijiji yuko mama mzee, mjane, ambaye jina lake limo katika daftari la usharika. Tukitaja wajane katika sala ya kanisa, mioyo yetu huguswa. Je, twajua leo anapika nini? Twajua kama nyasi za paa lake zimeoza? Kama hatujui, basi tumemkunja kuwa korongo wa karatasi. Tumemfanya kuwa alama ya huruma yetu, naye mwenyewe amekaa gizani. Yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando, katika mfano wa Bwana, hawakukosa alama za utakatifu; walikuwa nazo nyingi kuliko Msamaria. Na mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya maneno mazuri apewayo mtu mwenye njaa bila chakula.

Hata msalaba wenyewe waweza kutupata hivyo. Twauweka juu ya madhabahu, na shingoni, na juu ya makaburi. Ni vema. Lakini kama ukitutuliza tu, wala usitutume kwa mtu ateswaye, umekuwa kwetu kama msonobari wa picha.

Mwingine atajibu: Haya ni kweli kwa habari ya watu, lakini ndege ni ndege, na mtu ni bora kuliko ndege. Nasi twakubali. Bwana wetu amesema hivyo alipotaja shomoro. Lakini katika neno lilelile alisema pia ya kwamba shomoro mmoja hasahauliwi na Mungu. Ubora wetu haukutajwa ili tumsahau yule asiyesahauliwa na Baba. Tena jicho ni moja. Mtu aliyezoea kukiangalia kiumbe kwa kuuliza kina faida gani au maana gani kwake, atamwangalia mwanadamu kwa jicho lilo hilo. Na katika jambo la Toyooka, mkulima na ndege walikula katika shamba moja. Dawa iliyomwua chura ilikuwa katika maji yaleyale yaliyounywesha mpunga. Ndege alipotoweka, shamba lilikuwa limekwisha kusema neno, ila hapakuwa na wa kusikia.

Lakini habari hii haikuishia kifoni, nasi hatukutaka kuwaacha wasomaji penye huzuni.

Katika baridi kali ya mwaka 1952, maji ya Kushiro yaliganda, na wale korongo wachache wakakosa chakula. Watu wa huko waliwatupia mahindi. Hawakuwa matajiri, nayo nchi yao ni ya baridi na taabu. Ndege walikuwa na hofu. Kisha wakaja, wakala. Mwaka uliofuata watu wakaweka mahindi tena, na tena. Leo korongo hao wamepita 1,000. Na watu wakajifunza jambo jingine: mahindi peke yake hayatoshi, maana ndege wengi wakisongamana mahali pamoja kwa ajili ya chakula, ugonjwa mmoja waweza kuwamaliza. Shauri lililo bora ni kumwachia kinamasi chake. Mwaka 1987 kinamasi cha Kushiro kilifanywa hifadhi ya taifa.

Huko Toyooka walianza kuwafuga konotori mwaka 1965, wakati walipokuwa wamebaki wachache sana. Mwaka hata mwaka waliwatunza, wala hapakutoka kifaranga hata kimoja. Mwaka 1985 waliletewa konotori wachanga sita kutoka Khabarovsk, katika nchi ya Warusi, na mwaka 1989 kifaranga cha kwanza kikapatikana. Hesabuni, ndugu: miaka 24 ya kusafisha mabanda na kutoa samaki, bila kuona tunda. Mwaka 2005 waliwafungua watano waruke. Lakini kabla ya kuwafungua iliwapasa kuwauliza wakulima: Je, ndege hawa watakula nini mashambani mwenu? Baadhi ya wakulima wakakubali kulima bila dawa zile, au kwa dawa kidogo tu, na kuacha maji majarubani muda mrefu ili viluwiluwi wawe vyura. Ni kazi zaidi, maana magugu hung'olewa kwa mkono. Na kwa kuwa misonobari mirefu ilikuwa imepungua, watu walisimamisha nguzo ndefu, na juu yake wakaweka mahali pa kiota. Mwaka 2007 kifaranga kilitoka katika kiota cha porini na kuruka.

Kisiwani Sado pia, kwa ndege wawili waliotolewa na China mwaka 1999, toki walianza kuzaliwa tena. Na mwaka 2008 kumi walifunguliwa. Leo twaweza tena kuiona ile rangi yenye jina lake, juu ya bawa lililo hai.

Je, tuseme basi ya kwamba picha hazikufaa kitu? Hatuthubutu kusema hivyo. Kama Jakuchu asingalikaa uani pake, na Hiroshige asingalichora yale mashamba ya Edo, huenda watu wangalisahau kabisa ya kwamba zamani korongo walikuwako karibu na mji. Asiyejua alichopoteza hakitafuti. Picha ilishika kumbukumbu wakati mikono ilipokuwa imelegea. Na mikono ilipoamka, ilijua inatafuta nini. Hivyo picha ni kama shahidi. Shahidi mwema hasemi: Nitazame mimi. Husema: Nenda ukaone.

Na sisi tunaosoma gazeti hili Afrika Mashariki, tuna korongo wetu. Yule mwenye taji la dhahabu kichwani ni wa jamii moja na tsuru. Tangu mwaka 1962 yumo katika bendera ya Uganda, naye huishi pia Tanzania na Kenya, Rwanda na Burundi. Huyu wetu aweza kutua juu ya mti, maana kidole chake cha nyuma ni kirefu. Lakini kiota chake hukijenga katika majani ya kinamasi, sawa na ndugu yake wa Japani. Tangu mwaka 2012 wenye kuchunguza habari za ndege wamemhesabu miongoni mwa walio hatarini kutoweka, kwa sababu vinamasi vinalimwa, na ndege wenyewe hukamatwa wauzwe. Twajua ya kwamba wanaolima vinamasi ni ndugu zetu, na wengine ni sisi wenyewe, nasi hatulimi kwa mchezo. Hatuandiki kumlaumu mtu aliye na watoto. Twaomba tu kwamba wazee wa usharika na waalimu, watakapokaa kushauriana juu ya bonde na maji yake, wamwulizie naye: Anakula nini? Analala wapi? Labda itaonekana ya kwamba sehemu moja ya bonde yaweza kuachwa, na ya kwamba chemchemi inayomfaa yeye ndiyo itufaayo sisi wakati wa ukame.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Mtu aweza kuipenda sura na kumwacha mwenye sura apotee. Imekuwa, na yaweza kuwa tena. Upendo ule haukuwa uongo, lakini ulikuwa haujazaliwa. Ulikuwa kama yai lililowekwa juu ya rafu kwa uzuri wake, bila kuatamiwa. Wala dawa yake si kuivunja picha. Dawa yake ni kuitii: kuondoka mbele yake na kwenda kinamasini, kwa mjane, kwa jirani, tukiwa na mahindi mkononi.

Mungu Baba, aliyetuumba sisi pamoja na viumbe vyote, hakutupenda kwa mbali kama mtu apendaye picha. Alimtuma Mwana wake akakaa kwetu, akajua njaa yetu na mahali tunapolala. Naye atupe macho ya kutazama, na miguu isiyoogopa tope. Amina.